Mama Rula na Wiki ya Maktaba

Walburga Ndunguru alikuwa mwepesi wa kupiga. Tuanze na hilo, maana wapo wanaomsifu siku hizi kana kwamba alizaliwa na mikono ya mtawa, na yeye mwenyewe angewacheka. Alikuwa mkutubi wa chuo kimoja cha ualimu kilichokaa mlimani juu ya mji wa Mbinga, na silaha yake ilikuwa rula ya mninga, nene, yenye kona kali. Wanachuo walimwita Mama Rula, kwanza kisirisiri, baadaye hadharani, naye alilipokea lile jina kama mtu aliyepandishwa cheo.

Aliwapiga kwa kupiga soga. Aliwapiga kwa kukunja ncha za kurasa. Lakini kosa lililomchemsha damu kuliko yote lilikuwa mtu kulamba kidole ndipo afunue ukurasa. Hapo hakuwa na simile. Rula ilishuka juu ya vifundo vya vidole, pa! na sauti yake ikafuata: "Kitabu ni sahani? Nyumbani kwenu mnakula karatasi?" Wanaume wazima wenye ndevu, waliotoka kufundisha kwa muda vijijini na kuacha wake na watoto, walitoka mle ndani wamefumbata mikono kwapani.

Mtu hazaliwi hivyo. Walburga alizaliwa Namswea, kwa mzee mwenye kahawa nyingi na hasira nyingi zaidi, aliyepiga kwa chochote kilichokuwa karibu: mkanda, mpini wa jembe, siku moja kwa kopo la kumwagilia miche. Shuleni walimu wakaendeleza pale baba alipoachia. Alipoolewa, mume naye akataka zamu yake. Alimvumilia mwaka mzima, akificha uso kwa kanga kila Jumapili kanisani, mpaka jioni moja mume alipomsukuma motoni na Walburga akainuka na mchi wa kinu. Yule bwana alivunjika mkono, akahamia Songea akiwa na bandeji, asirudi tena. Ukoo wakakaa sengu, kile kikao cha Wamatengo cha kula pamoja na kuamua mashauri, wakamwambia aombe radhi. Alikula ugali wao mpaka akashiba, akanawa, akaondoka bila kuomba radhi kwa mtu.

Ndipo akapata kazi ya maktaba. Huko ndiko moyo wake ulikopata pa kukaa. Alishona vitabu vilivyochanika kwa uzi wa magunia na kubandika magamba kwa uji wa muhogo. Aliweza kushika kitabu cha zamani kwa mikono ileile iliyovunja mkono wa mwanamume, na kitabu kisijue kama kimeshikwa. Vitabu ndivyo viumbe pekee ambavyo hakuwahi kuvipiga.

Zama za ruksa zikaja, biashara ikaachwa huria, na kila kitu kikalegea kamba. Chama cha ushirika, kilichokuwa kikinunua kahawa na kuleta mbolea na dawa, kikachechemea, halafu kikalala. Wanunuzi binafsi wakapanda na malori. Dawa za kahawa, ambazo zamani zilikuja katika makopo yenye maandishi na picha ya fuvu, sasa ziliuzwa sokoni, kwenye chupa za soda na mifuko ya nailoni, na muuzaji ukimwuliza ni ya nini alikujibu, "Inaua." Chuoni nako, wanachuo waliozoea kusomeshwa bure wakaambiwa wachangie. Walichangia, wakaingia bwaloni wakakuta maharage yaleyale yenye wadudu. Unaweza kufikiria walivyokuwa na hamu ya kumpiga mtu.

Mkuu mpya wa chuo, Bwana Hamphrey, alikuja mwaka huohuo. Alikuwa mpole, mwenye suti ya kijivu na maneno mengi ya semina. Alimwita Walburga ofisini.

"Mama, hawa ni watu wazima. Mambo ya viboko yamepitwa na wakati. Hiyo rula ipimie mistari tu."

"Watalamba vidole, mkuu."

"Waache walambe."

Walburga aliifungia rula kabatini na akawa na kisirani mwezi mzima. Lakini Bwana Hamphrey alikuwa na habari nyingine, na hiyo ilimfurahisha kupita kiasi: wafadhili wa ng'ambo walikuwa wanaleta vitabu vipya, masanduku kwa masanduku, na masika yakiisha, mwezi wa tano, chuo kingefanya Wiki ya Maktaba. Kungekuwa na semina ya kutumia kadi za katalogi, mafunzo ya kukarabati vitabu ambayo mwalimu wake angekuwa yeye Walburga, na mashindano ya kusoma. Walburga aliyafungua masanduku yale peke yake, mlango umefungwa. Harufu ya karatasi mpya ilipomfikia alikaa sakafuni akalia. Tangu aanze kazi ile, hakuwahi kupokea kitabu ambacho hakikuwa kimeshikwa na mtu mwingine kabla yake.

Halafu akamkumbuka mchwa. Masika yaliyotangulia mchwa walikula rafu nzima ya vitabu vya historia, wakaacha magamba yamesimama wima, ndani udongo mtupu. Safari hii, aliapa, hawapati hata jalada.

Hapa ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu wa Dar es Salaam wala wa Dodoma. Katika nyumba za wakulima wa kahawa za milima ile, dawa ya kahawa ilikaa juu ya dari la jikoni na kufanya kazi zote za nyumba. Kunguni kitandani, dawa ya kahawa. Viroboto wa kuku, dawa ya kahawa. Maharage ya mbegu yalichanganywa nayo kwa mkono mtupu, na mama mwenye kuchanganya akajipangusa kwenye kanga akaendelea kupika. Kama iliokoa mkahawa, ingeshindwaje kuokoa kitabu? Walburga alikwenda sokoni akanunua chupa ya soda iliyojaa unga wa kijivu, ule mkali kuliko yote. Siku nzima aliunyunyiza katikati ya kurasa, kidogo kidogo, akipuliza uliozidi, kitabu baada ya kitabu, mpaka kichwa kikamuuma. Alidhani kinamuuma kwa furaha.

Wiki ya Maktaba ikafunguliwa kwa kwaya na hotuba. Wanachuo walimiminika. Vitabu vipya viligombewa, watu wakakaa hata sakafuni, na vidole, ee Mungu wangu, vidole vikaenda mdomoni na kurudi kwenye ukurasa, mdomoni, ukurasani, asubuhi nzima. Walburga aliwatazama akiwa ameuma meno. Mkono ulimwasha. Lakini amri ni amri, na rula ilikuwa kabatini.

Siku hizohizo, jikoni, mpishi Zabron alikuwa na vita yake. Zabron alitoka Liuli, mtu wa ziwani, mwimbaji wa besi katika kanisa la Anglikana, mnene, mwenye kelele. Yeye na Walburga walikuwa na utani wa siku nyingi. Zabron alimwita "mtu wa mashimo," kwa ajili ya yale mashimo ya ngolo ambayo Wamatengo wanalimia milimani, naye Walburga alimwita "mla usipa," wale dagaa wa ziwani. Kila siku saa nne asubuhi Zabron alimpelekea kikombe cha chai yeye mwenyewe, akakaa mlangoni pa maktaba kwa sababu ndani hakuruhusiwa na mikono yake ya mafuta, wakatukanana mpaka kikombe kikaisha. Ndiye mtu pekee aliyemtukana Walburga akachekewa.

Alipoona maharage yamekuwa aibu, Zabron alimwomba mkewe Eunice, aliyebaki ziwani akianika samaki, awe anamtumia usipa mkavu kwa lori. Badala ya asante, alipata kelele. Rais wa wanachuo, kijana mrefu aliyeitwa Pankras, alisimama mbele ya foleni ya chakula akamwaga sahani yake chini.

"Tumelipa hela, tunalishwa chakula cha paka!"

Zabron alimzaba kwa mwiko wa kusongea ugali. Si pigo la utani. Sikio la Pankras lilitoa damu. "Usipa wa mke wangu unaumwaga chini? Nitawakomesha nyie! Mtaona!"

Bwalo zima lilisikia. Neno likitoka limetoka.

Siku ya pili baada ya ugomvi ule, ndiyo siku ileile ya ufunguzi, mara tu baada ya chakula cha mchana, msichana aliyeitwa Marselina alianguka katikati ya uwanja. Mate yalimtoka kama ng'ombe mwenye ugonjwa wa miguu na midomo, jasho likamlowesha, miguu ikapiga piga chini. Wakati wanamwinua akaanguka mwingine bwenini, na mwingine chooni. Kufika saa tisa walikuwa wamelazwa barazani kwa safu, wanatapika, wanatetemeka, wengine wamejinyea. Pankras hakuhitaji kufikiri. Alipanda juu ya benchi, plasta sikioni, akapiga kelele mara moja tu: "Mpishi ametutilia sumu!"

Walburga alikuwa maktaba, anapanga vitabu kwa ajili ya mafunzo ya jioni. Alitoka kusikiliza kelele, kitabu kikiwa bado mkononi. Kwenye nguzo ya varanda alimkuta Placidi, mwalimu wa hisabati, ameikumbatia nguzo ile, povu mdomoni, macho yamemtoka. Placidi hakuwahi kula jikoni mwa chuo hata siku moja. Mkewe alimletea chakula kwa hotpoti, na chuo kizima kilimcheka kwa hilo. Lakini tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye meza ya dirishani na kitabu kipya, analamba kidole, anafunua, analamba, anafunua. Walburga alikuwa amekaa akimchukia kwa saa nzima.

Akaelewa. Hakuna aliyemwambia, na hakuna aliyekuwa anajua ila yeye.

Upande wa jikoni mlango ulivunjwa. Alisikia sufuria zikianguka, halafu sauti ya Zabron, ile besi kubwa, ikiuliza, "Nimefanya nini? Nimefanya nini, jamani?" Halafu ikawa si sauti ya kuuliza tena.

Sasa sikiliza alichofanya Walburga, maana hapa ndipo maisha yake yote yalipokatika vipande viwili. Hakukimbilia jikoni. Alirudi maktaba. Akafungua droo, akatoa ile chupa ya soda iliyokuwa na unga umebaki chini, akaificha ndani ya kitenge, akazunguka nyuma ya jengo mpaka kwenye choo cha shimo, akaitumbukiza. Kisha akaenda bombani. Alijua alichokishika, kwa hiyo alinawa vizuri, kwa sabuni, vidole, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka viwiko. Alikuwa anamwona baba yake, anamwona mume wake, anaona vile watu wanavyokuwa wakishaanza kupiga; hakuna aliyelijua jambo hilo kuliko yeye. Aliogopa kufa. Kelele za Zabron zilikuwa zinafika pale bombani, na maji yalikuwa yanatiririka.

Ndipo akafunga bomba, akaokota kile kitabu alichokuwa amekiweka juu ya jiwe, akakimbia.

Walikuwa wamemburuta Zabron mpaka nyuma ya jiko, kwenye rundo la kuni. Hapakuwa na haja ya kutafuta silaha. Kila mmoja alichukua gogo lake. Hawa walikuwa walimu wa kesho, watu waliokwisha kujifunza kuandaa somo na kupanga watoto kwenye mistari, na walimpiga mtu aliyekwisha kulala chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipopinda. Taya limehama. Mtu mmoja alikuwa amechukua mwiko wake mwenyewe na kumpiga nao kichwani, akihesabu kwa sauti kama yuko kwenye mazoezi ya viungo. Bwana Hamphrey alisimama pembeni katika suti yake, mikono juu, akisema, "Wanachuo, tuzungumze, wanachuo," na hakuna aliyegeuka.

Walburga alipasua kundi kwa viwiko na kichwa. Alimpiga ngumi ya uso yule wa mwiko, akaanguka. Akasimama juu ya Zabron, miguu huku na huku.

"Si yeye! Ni mimi! Sumu iko kwenye vitabu. Nimeweka dawa ya kahawa kwa ajili ya mchwa. Mmelamba vidole! Mmelamba!"

Wakacheka. Kicheko kibaya.

"Mama Rula anamtetea bwana yake," Pankras alisema. "Kila siku chai, kila siku chai. Mtoeni hapo."

Gogo likamfikia begani, lingine mgongoni. Alikaza miguu. Tangu jioni ile ya mchi hakuna pigo alilowahi kupata asilirudishe, na mkono wake ulikwisha kunyanyuka. Lakini chini ya miguu yake Zabron alikoroma, akatapika damu, na Walburga akaona kwamba ngumi zake hata zingekuwa kumi zisingetosha. Akakifungua kile kitabu. Akatoa ulimi, akalamba kidole, akafunua ukurasa. Akalamba tena, akafunua. Halafu akaona hiyo ni polepole mno; akakileta kitabu usoni akalamba penye mshono wa kurasa, pale alipojua unga ulijikusanya, ukurasa hadi ukurasa, kama mbuzi kwenye jiwe la chumvi. Unga wa kijivu ulimpaka midomo, pua, kidevu. Aliwatazama akilamba.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Jamani." Gogo moja likaanguka chini.

Haukupita muda mrefu. Jasho lilimtoka kwanza, kisha mate, yaleyale mate ya Marselina, mengi, yasiyokoma. Magoti yakaanza kucheza. Pankras alikuwa wa kwanza kurudi nyuma; aliutazama mkono wake mwenyewe, akaupangusa kwenye suruali, akaupangusa tena, kisha akakimbia kuelekea mabwenini huku akilia. Walburga alianguka juu ya kifua cha Zabron. Chini yake Zabron, mwenye taya lisiloshika, alisema neno ambalo watu waliokuwa karibu waliweza kulisikia:

"Maziwa. Yako kabatini. Mpeni maziwa huyu mtu wa mashimo."

Hakusema tena. Waliwapakia wote wawili kwenye pikapu ya chuo, pamoja na Marselina na Placidi na wengine, na Zabron alikata roho kabla hawajamaliza kuteremka mlima. Wale waliolamba vitabu walipona wote. Walburga alipona pia, kwa shida, akiwa na dripu mkononi na mbavu zilizovunjika.

Kesho yake Eunice alifika hospitali kwa lori la samaki. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa jua la ziwani, kitenge cheusi mabegani, macho yamevimba. Alikuwa ametoka kumtazama mumewe. Akaingia wodi ya wanawake, akauliza Walburga ni nani, akaoneshwa. Akakaa kitandani, akaushika mkono wa Walburga kwa mikono yake miwili.

"Dada, pole."

"Pole wewe."

"Wameniambia. Watu mia na wewe peke yako. Wameniambia ulikula sumu mbele yao ili wamwache mume wangu. Ndugu zangu wa damu wasingelifanya hilo. Wala usijilaumu kwa ile dawa. Hata sisi tunaiweka kwenye samaki, inzi wasitage. Mungu ndiye anayejua." Alikuwa analia bila sauti. "Nimekuja kukuambia asante, nisije nikamzika kabla sijakuambia."

Walburga angeweza kunyamaza. Wodi nzima ilikuwa inamtazama kwa heshima, na chuo kizima kilikuwa kimekwisha kukubaliana kuhusu hadithi ile. Chupa ilikuwa ndani ya shimo. Hakuna aliyemwona.

"Nilichelewa," alisema.

"Wote walichelewa, dada."

"Hapana. Nisikilize. Nilikwisha kujua. Nilijua akiwa bado anaweza kusema. Nilimsikia anauliza amefanya nini. Nikaenda kwanza kutupa chupa chooni, wasije wakaniona nayo. Nikaenda bombani nikanawa."

Eunice hakuuachia mkono. Aliutazama tu.

"Ulinawa?"

"Nilinawa."

"Huku unamsikia?"

"Huku namsikia."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

Eunice aliuweka ule mkono juu ya shuka taratibu. Akasimama, akajifunga kitenge kiunoni, akapiga. Alipiga uso, alipiga kichwa, alipiga zile mbavu zilizofungwa bandeji, kwa ngumi zilizokaza kwa kuvuta nyavu na kubeba magunia, akiita jina la mumewe kila pigo. Dripu ikang'oka. Manesi wawili walikuja mbio wakamshika kiuno.

"Mwacheni," Walburga alisema, damu mdomoni. "Nimesema mwacheni!"

Alikuwa ameisukuma mikono yake yote miwili chini ya mgongo wake na kuilalia, ili isinyanyuke.